Shemeji Yangu Alivyoiamkia Giaboksi

Siku ya arobaini ya mume wangu, pikapu yake ililia kama mtu, na shemeji yangu akavua kofia, akainama, akaiambia: "Shikamoo, kaka."

Sijakosea kuandika. Aliiamkia pikapu.

Na hicho siyo kilichowatisha watu. Kilichowatisha ni kwamba pikapu iliitikia.

Ndugu zangu, mimi sina maneno ya vitabuni. Niliishia darasa la saba, na hapa mnaposoma ni mjukuu wangu aliyenionyesha pa kubonyeza. Ila macho ninayo na masikio ninayo. Haya niliyaona mwenyewe mwaka tisini na mbili, enzi za ruksa, maduka yalipojaa vitu ghafla na kila mwenye mdomo akawa mfanyabiashara.

Mume wangu aliitwa Oswald. Tuliishi Mikumi, kwao Kilosa. Kazi yetu ilikuwa moja: kuchukua mchele Tindiga, kuuleta kwa mama lishe wa barabara kuu pale Mikumi, wanakopumzika madereva wa malori. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kushoto kwake na kupima magunia. Miaka kumi na mmoja nilikaa kiti kile. Oswald alipoumwa mguu alinifundisha kuendesha, nikaendesha.

Kwa hiyo msidhani pikapu ile ilikuwa pambo. Lilikuwa jembe langu.

Oswald alikufa ghafla, presha. Mdogo wake, Yeremia, ndiye aliyeendesha pikapu kumpeleka kuzikwa Kilosa. Gari lilimbeba mwenyewe kimya kabisa, kama kanisa kabla ya misa. Tulipomaliza kuzika, likaegeshwa ukweni. Kwao gari la marehemu haliwashwi mpaka arobaini. Likakaa pale na kuku wakalala juu yake.

Siku ya arobaini ikafika. Baada ya sala, Yeremia akaingia garini ili akamrudishe katekista kwake. Alikuwa amevaa koti la marehemu na miwani myeusi ya mtumba. Akawasha.

Rrrrrrrr... nguuuuu... rrrrrrr.

Sauti ilitoka chini ya sakafu, nzito, inakwaruza, kama mzee anayekohoa amelala kifudifudi. Wanawake wakaacha vyombo. Katekista akashuka bila kuambiwa.

Hapo ndipo Yeremia alipovua kofia.

"Shikamoo, kaka," akasema, huku akikanyaga klachi ili aingize gia.

Kimya.

Sauti ikakatika pale pale. Injini inanguruma, lakini ule mkwaruzo haupo.

"Ameitikia!" Yeremia akapiga kelele. "Mmesikia? Ameitika marahaba!"

Akaachia klachi. Rrrrrrr. Akaamkia tena, akakanyaga tena. Kimya.

Basi. Msiba ukaanza upya. Wadogo wa marehemu wote na watoto wao wakapanga mstari kuiamkia pikapu. Shikamoo, kaka. Shikamoo, baba mkubwa. Kasheshe.

Mtu mmoja tu hakupanga mstari. Shangazi yao, Hildegarda, mkubwa wa ukoo, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale nyumbani. Alisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Mimi ni shangazi yake," akasema. "Yeye ndiye aniamkie."

Tukasubiri. Pikapu haikumwamkia. Shangazi akaondoka amekasirika, akasema Oswald kaharibikia huko alikokwenda.

Jioni kikakaa kikao cha ukoo. Yeremia akasimama, akakunja mikono ya koti ambalo siyo lake.

"Kaka analia," akasema. "Na analilia nini? Analilia gari lake kushikwa na mwanamke. Kitu cha marehemu kikimkataa mjane kinarudi kwa damu yake. Damu yake ni mimi."

Nikaiona shabaha yake. Tangu Oswald akiwa hai, jicho la Yeremia lilikuwa kwenye pikapu ile kama jicho la paka kwenye kitoweo.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mashamba ya mkonge akasema taratibu: "Jamani, isije ikawa beringi tu. Beringi ya giaboksi ikichakaa hulia hivyo hivyo."

Mngefikiri nilimshangilia mzee yule. Sikumshangilia. Nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifinya.

Nilisimama na rozari yangu mkononi, nikasema: "Haiwezekani. Gari lilikuwa na mlio kidogo kabla, na wiki moja kabla ya kufa mume wangu aliniambia kwa kinywa chake kwamba amebadilisha beringi, mpya ya kwenye boksi. Na mlio ukakoma, nami nikatoa sadaka ya shukrani. Naapa mbele ya Mungu, beringi ile ni mpya."

Nilikuwa naitetea heshima ya marehemu. Sikutaka isemwe alituachia kitu kibovu.

Yeremia akatabasamu mpaka jino la nyuma.

"Mmesikia? Shemeji mwenyewe ameapa. Beringi ni mpya. Sasa kinacholia ni nini, kama siyo kaka?"

Nikakaa chini. Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe, nikamkabidhi ncha.

Shangazi Hildegarda akatoa hukumu. "Siku saba. Jumapili ijayo baada ya misa nakuja Mikumi. Nikikuta bado analia, gari linarudi Kilosa na Yeremia. Na Yeremia aende nalo sasa, akae nalo hizo siku saba, kaka yake asiwe mpweke."

Tukaondoka na njia ya Ulaya. Msicheke, ipo Ulaya ya kwetu, ina vumbi na mawe. Yeremia anaendesha, mimi kiti changu kile kile cha kushoto, nguo nyeusi, mdomo kimya. Mdomo tu. Masikio yalikuwa kazini.

Gia ya kwanza, inalia. Ya pili, inalia. Ya tatu, inalia kwa uchungu. Tulipopata kipande kilichonyooka akaingiza ya nne, na mlio ukashuka, ukabaki mnong'ono. Ikaja korongo, akarudi ya pili. Ikapiga yowe.

Nikawaza: marehemu wangu alikuwa mtu wa misimamo. Hakuwahi kupenda gia moja kuliko nyingine.

Tukafika Mikumi. Yeremia akahamia kwangu kama gavana. Asubuhi ananywa chai yangu na maandazi matano, kisha anatoka nje, anawasha gari, anakanyaga klachi, anaamkia. Majirani wanakuja kuangalia. Watoto waliacha mpira. Siku ya pili alianza kumpa kaka yake habari za siasa.

"Shikamoo, kaka. Bei ya sukari imepanda tena."

Kimya.

"Imemuuma," anasema.

Siku ya tatu alipita Mzee Sapit, mfugaji wa Kimasai ambaye tulikuwa tunambebea mbuzi wake kwenda mnadani. Akasimama na fimbo yake, akaangalia ibada ile mwanzo mpaka mwisho.

"Mama," akaniuliza, "huyu anafanya nini?"

"Anamwamkia kaka yake, mzee."

Akatafakari. "Sisi ng'ombe akilia tunaweka sikio ubavuni. Hatumwulizi ukoo wake."

Akaenda zake.

Neno lile halikuniacha. Kesho yake asubuhi nikachukua mwiko wangu mrefu wa kusongea ugali. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Yeremia alipowasha, nikajifunga kanga, nikaingia chini ya pikapu na nguo zangu za ujane.

"Shemeji! Unafanya nini huko?"

"Nasali kwa karibu zaidi."

Nikaweka ncha ya mwiko kwenye injini, na mpini sikioni. Injini safi. Nikasogeza nyuma, mwisho wa giaboksi. Mlio upo lakini mbali. Nikasogeza mbele, pale giaboksi inapokutana na injini.

Yesu na Maria. Karibu nitupe mwiko. Ni kama mtu alikuwa anasaga mchanga ndani ya fuvu langu.

"Shemeji," nikaita kutoka chini, "leo mwamkie bila kukanyaga klachi."

"Kwa nini?"

"Mwamkie tu."

"Shikamoo, kaka!"

Rrrrrrrrr.

"Shikamoo, kaka!"

Rrrrrrrrr.

"Hajaitika," Yeremia akasema, sauti imepungua. "Kakasirika kwa sababu yako."

"Inawezekana. Sasa nyamaza, usimwamkie. Kanyaga klachi tu."

Akakanyaga. Kimya.

Nikatoka chini, nikajikung'uta. "Ameitika kabla hujamwamkia, shemeji. Amekuwa na adabu kuliko siku tulipomzika."

Majirani wakaangua kicheko. Yeremia akavaa miwani yake.

Mimi sikuwa fundi, ila jambo lenyewe halihitaji chuo. Ukiachia klachi, injini inazungusha shafti ya mbele ya giaboksi, na shafti hiyo imekalia beringi. Ukikanyaga, shafti inaachwa, inasimama. Kitu kinacholia shafti ikizunguka na kunyamaza ikisimama, hakijatoka kaburini. Kiko pale mbele, ukubwa wa kitumbua.

Lakini Yeremia hakuwa mjinga wa moja kwa moja. Alinisogelea, akaninong'oneza: "Beringi si mpya, shemeji? Si uliapa?"

Hapo nikanyamaza mimi, bila klachi.

Maana mnaiona ilivyokuwa. Kama beringi ni mpya, basi marehemu ni pepo, na gari linakwenda. Kama beringi ni mbovu, basi marehemu alinidanganya, nami nimeapa kwa uongo wake mbele ya ukoo mzima. Nichague: mume pepo au mume mwongo.

Siku mbili nilisali. Niseme ukweli, sikuwa naomba mwongozo. Nilikuwa naomba ipatikane njia ya tatu.

Haikupatikana. Nikaenda kwa Onesphory.

Onesphory alikuwa fundi pale barabara kuu, chini ya turubai la lori. Ndiye aliyelitengeneza gari letu miaka yote. Kwa kawaida ni msemaji, akifungua nati moja anakupa hadithi mbili. Siku ile alipoona nimefika akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

"Shikamoo, Mama Devota."

"Marahaba. Onesphory, giaboksi inalia. Nataka uje uifungue."

"Aah, mama, ile tusiifungue. Giaboksi ikifunguliwa inapoteza nguvu."

"Nguvu gani? Ni ya Samsoni?"

Hakucheka.

"Beringi uliiweka wewe?"

"Marehemu alishasema imebadilishwa, mama. Mimi nani nimkanushe marehemu?"

Alikuwa anaongea na viatu vyangu. Nikajua kuna kitu.

"Sawa," nikasema. "Jumapili baada ya misa ukoo wote utakuwa kwangu. Usipokuja na pula yako ya kung'olea beringi, naleta fundi kutoka Morogoro, na chochote atakachokikuta mle ndani atakisema kwa sauti yake. Au uje wewe, ukiseme kwa yako."

Spana ikamdondoka.

Jumapili wakaja. Shangazi Hildegarda kiti cha mbele, gauni la sikukuu. Yeremia ameshika ufunguo wa gari mkononi, ameshafunga na begi lake. Mzee Sapit naye akajitokeza, anasema anapita tu. Na Onesphory akaja, uso kama wa mtu anayesubiri sindano.

Pikapu ikawashwa. Ikalia. Yeremia akaamkia, klachi chini, kimya.

"Mnaona?" akasema.

Nikasimama. "Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Niliapa mbele yenu kwamba beringi ni mpya. Niliapa kitu ambacho sikukiona. Naomba ifunguliwe mbele ya watu. Tukikuta mpya, mimi mwenyewe nitamkabidhi shemeji gari, na nitaliamkia likiondoka."

Shangazi akaelekeza kidole chini ya gari. "Fungua," akamwambia Onesphory.

Nikaleta beseni langu la kuogea. Onesphory akaingia chini, akalegeza nati ya kumwagia oili.

Oili haikutoka.

Akachokoa kwa waya. Ikaanza kushuka pole pole, blup, blup, uji mzito wa rangi ya udongo. Na harufu ikapanda.

Mimi ni mpishi. Ile harufu niliijua kabla pua haijamaliza kuivuta.

Nikachovya mwiko, nikakoroga. Vikatokea vinyuzinyuzi virefu vyeusi. Vikatokea chembe za unga wa mbao. Na pembeni, kikiwa kizima kama kilichomenywa jana, kipande cha ganda la ndizi.

Watu wakasogea kuchungulia. Hata kuku.

"Onesphory," Shangazi akasema, "hiki ni nini kwenye tumbo la gari la mwanangu?"

Fundi akatoka chini kwa magoti. "Ndizi mbivu, shangazi. Na unga wa mbao. Ilikuwa dawa ya enzi za shida, spea zilipokuwa hazipatikani. Ukiweka, beringi mbovu inanyamaza wiki mbili, tatu. Ikikaa bila kutembea inaoza, inashuka chini, mlio unarudi."

"Lakini siku hizi spea zimejaa Morogoro," nikasema. "Kwa nini hakununua?"

Akanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

"Nilimwambia, Mama Devota. Akasema haina haja, gari si lake tena mwezi ujao. Alitaka kumuuzia..." Akamtupia jicho shemeji yangu. "Alitaka kumuuzia Yeremia. Akasema, 'Itie ndizi za kutosha, huyo hajui hata kusikiliza.'"

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kumwona mtu mzima akivua koti polepole kama nguo imeshika moto. Yeremia alilivua koti la marehemu, akalishika mbali na mwili.

Siku saba. Siku saba alikuwa anaiamkia ndizi. Tena ndizi iliyomenywa kwa ajili yake.

Nilipaswa kulia. Mume wangu niliyemsalia rozari siku arobaini na saba, mwongo, mbele ya ukoo wote. Lakini nilimwangalia Yeremia, nikaliangalia beseni, na kicheko kikanitoka ambacho sikukiruhusu. Shangazi akanitazama, midomo inamcheza, na yeye akashindwa.

Aliyekuwa hacheki ni Yeremia. Na mnajua, mtu wa jinsi ile hazami. Alifikiri kidogo, akainua kidole.

"Sikilizeni! Basi ndiyo imethibitika. Kaka alitaka mimi niwe na hili gari! Fundi ni shahidi. Ni nia ya marehemu!"

Watu wakageuka kumwangalia Shangazi. Maana kwa mila yao, nia ya marehemu ni jambo kubwa.

Shangazi Hildegarda akajifuta machozi ya kicheko. Akainuka, akaliendea beseni, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya viatu vya Yeremia.

"Nia ya marehemu tumeisikia," akasema. "Alitaka kukupa ndizi. Ndizi zako hizo. Chukua."

Kisha akanyoosha mkono. Yeremia akampa ufunguo. Akanipa mimi.

"Beseni urudishe," nikamwambia shemeji.

Onesphory alishusha giaboksi siku ile ile, kwa aibu, bila kusema habari ya malipo. Aliondoa propela, ile shafti ndefu iendayo nyuma, akafungua nati moja moja, akaitoa ile beringi kwa pula, akaifuta, akanipa. Nikaizungusha kwa kidole. Ilikwama, ikakwaruza, ikakwama. Gololi zake zilikuwa zimechimbika kama meno ya mla sukari. Ilikuwa ya zamani kuliko binti yangu Devota.

Nikaifunga kwenye leso, kesho yake nikapanda basi mpaka Morogoro mwenyewe. Muuza duka akaniwekea boksi tatu zinazong'aa, zote kasema orijino. Nikafungua leso, nikasoma namba iliyochongwa kwenye ukingo, tarakimu kwa tarakimu. Darasa la saba linatosha kwa hilo. Mbili hazikulingana. Ya tatu ililingana, nikaizungusha karibu na sikio. Kimya. Nikainunua hiyo.

Wakati Onesphory anaifunga, nilikaa kwenye kigoda pembeni yake na mwiko wangu. Aliponyanyua nyundo nikakohoa tu. Akaiweka chini, akachukua kipande cha bomba, akaigonga taratibu kwa kupitia pete ya ndani mpaka ikakaa. Oili mpya ikamiminwa mpaka ikadondoka tone kwenye tundu la kipimo. Niliichungulia chupa. Niliinusa pia.

Shangazi alikuwa hajaondoka. Alisubiri siku zote tatu, anasema anataka kusikia mwisho. Nikawasha mbele yake. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu. Upepo tu na injini.

Akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Sasa amepumzika," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Mara moja, vizuri, nikamaliza.

Na nikiwaza zaidi, Yeremia hakukosea kabisa. Ile sauti ilikuwa ya marehemu kweli. Ilikuwa inasema aliyoyaficha, nami niliyekaa kushoto kwake miaka kumi na mmoja ndiye niliyekuwa mgumu kuielewa.

Nilikwenda kuungama. Padri akauliza dhambi gani. Nikamwambia niliapa kwa beringi ambayo sikuiona. Nikasikia pazia linatikisika. Nadhani alikuwa anakohoa.

Pikapu ile nimeiendesha miaka kumi na minne baada ya hapo, Tindiga na Mikumi, na Mzee Sapit hakukosa safari na mbuzi wake. Yeremia tunaamkiana vizuri tu, ila ndizi hali.

Oswald namwombea kila Jumapili. Nampenda. Simwamini, lakini nampenda.

Nanyi mnaosoma, wanawake kwa wanaume, chukueni hili moja kwa mama aliyeishia darasa la saba. Mtu akikwambia amebadilisha beringi, awe fundi, awe mume, awe na rozari shingoni, usimtolee sadaka kwanza. Mwambie kwa upole: nionyeshe ya zamani.

Mimi ya zamani ninayo. Iko kabatini, mbele ya picha yetu ya harusi.